Ng'ombe Hawahesabiwi

Muhwezi hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake, na mtu akimwambia awahesabu alimwona kama anayemtakia msiba. Kwao Rugu, Karagwe, wafugaji wa zamani walilijua hilo tangu utotoni: ukimtia ng'ombe kwenye namba, umeshamwitia kifo. Jioni mifugo ikirudi, yeye husimama kwenye lango la zizi, fimbo begani, akiwataja kimoyomoyo kwa koo zao. Bihogo na wanawe. Gaju na wanawe. Mayenje na wanawe. Siina na wanawe. Ukoo ukipita anauachia, na asiyepita anabaki kichwani akimchoma kama mwiba. Kwa miaka arobaini hakuwahi kupoteza hata ndama.

Siku hizi alikuwa anapoteza vitu vingine, ila hakumwambia mtu. Anaingia ndani kuchukua kamba, anasimama katikati ya chumba, hajui amefuata nini. Anaanza kusimulia jambo, mtu anapiga chafya, jambo limekwenda. Binti yake Asiimwe, muuguzi wa zahanati, alikuwa ameliona hilo. Jioni moja alimkalisha kwenye kigoda, akamtajia tarakimu na kumwambia azirudie kuanzia ya mwisho. Tatu alizirudia. Zilipofika nne akakasirika.

"Michezo ya watoto hiyo. Niulize bibi yake Gaju alitoka zizi gani, nikwambie."

"Hilo unalijua, Tata," alisema Asiimwe. "Ghala la kumbukumbu zako za zamani limejaa, halijaguswa. Ninachoangalia ni kile kimeza kidogo cha mlangoni, unapoweka kitu unachokitumia sasa hivi. Kila mtu cha kwake ni kidogo. Cha kwako kinazidi kupungua. Kikiwekwa kitu kipya, cha mwanzo kinadondoka, na wewe husikii kikidondoka."

Muhwezi alicheka kwa sauti, lakini usiku huo hakulala vizuri. Alimjua binti yake. Akishaamini jambo hilo, ng'ombe watauzwa na yeye atahamishiwa mjini Kayanga, akae kibarazani akitazama pikipiki. Bora afe.

Kwa hiyo Alhamisi Asiimwe alipoitwa semina Bugene, na mama anayemlelea mtoto wake Kokugonza akawa mgonjwa, Muhwezi mwenyewe ndiye aliyejitokeza. "Niachie Kokugonza. Atakwenda machungani na mimi."

Asiimwe hakutaka. "Ana miaka mitano, Tata. Na nyika ile ina fisi."

"Wewe umekulia nyika hiyohiyo. Fisi walikula kidole chako gani?"

Kiburi cha mzee huyu! Angesema maneno mawili tu, kwamba hajiamini, siku ile ingepita kama siku nyingine yoyote.

Hata hivyo hakwenda kizembe. Njia nzima alimpanga mjukuu wake ndani ya orodha, mahali ambapo asingeweza kumruka. Bihogo na wanawe. Gaju na wanawe. Kokugonza. Mayenje na wanawe. Siina na wanawe. Mtoto mwenyewe hakuwa na usumbufu. Alikuwa msikivu kupita kiasi, ukimwambia kaa, anakaa.

Kwenye saa tisa alasiri mitamba wa Siina walijitenga na wenzao wakaelekea kwenye maharage ya watu. Kokugonza alikuwa amechoka, miguu inamuuma. Muhwezi akamkalisha kwenye kivuli cha kichuguu kikubwa chekundu, ng'ambo ya kisima cha chumvi wanakonyweshwa ng'ombe.

"Kaa hapa. Usiondoke, hata ukisikia nini, mpaka nije kukuchukua."

"Hata nikisikia kiu?"

"Hata kiu."

"Sawa, babu."

Akakimbia kadiri magoti yalivyomruhusu, huku akijisemea: Gaju na wanawe, Kokugonza kwenye kichuguu. Aliwawahi mitamba kabla hawajafika shambani. Alikuwa anawarudisha wakati pikipiki iliposimama kando yake. Aliyeshuka alikuwa Aristides, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Muleba, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ng'ombe wazuri sana hawa. Wako wangapi?"

Mfugaji wa Karagwe asingeuliza swali hilo, lakini huyu alikulia kwenye migomba na kahawa, angejuaje? Siku zote watu wa namna hiyo aliwajibu, "Wapo," na mazungumzo yakaendelea. Lakini kijana alikuwa anasubiri, anatabasamu, na Muhwezi aliuona uso wa Asiimwe na tarakimu zake nne. Alitaka ajionyeshe mwenyewe kwamba bado anaweza. Akanyoosha kidole, akahesabu.

"Kumi na wanane," alisema. Kisha akamkumbuka mtoto, akamjumlisha haraka asije akampotea. "Na mmoja. Kumi na tisa. Nisifike nyumbani na pungufu ya kumi na tisa."

Aristides aliitikia tu kwa kichwa. Walizungumza habari za dume la Mayenje mpaka jua likainama, hawakuelewana, kijana akaondoka. Vumbi lilipotulia Muhwezi alizitafuta koo zake. Bihogo na wanawe. Baada ya Bihogo hakukuwa na kitu, isipokuwa namba. Akaishika hiyohiyo. Kumi na tisa, kumi na tisa, alienda akiitafuna njia nzima. Alipitisha ng'ombe kando ya kisima cha chumvi, hatua kama mia mbili kutoka kwenye kile kichuguu. Kama Kokugonza alimwona akipita, basi alitii, kwa sababu alikuwa ameambiwa asiondoke.

Langoni alihesabu kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Hakuna mwingine aliyeingia. Akajua kuna mmoja amebaki, akageuka kutazama njia. Hapo mtamba mmoja akatokea nyuma ya ua akikimbia, akapenya na kuingia.

"Kumi na tisa!"

Akafunga lango kwa miti yote mitatu na kumshukuru Mungu. Tangu mwaka uanze hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Alitamani Asiimwe angekuwepo amwone.

Asiimwe alifika kwa bodaboda jua likiwa limeshagusa milima, mkononi ana mfuko wa maandazi.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Wote wameingia, hakuna aliyebaki."

"Afadhali. Kokugonza ameshalala?"

Muhwezi aligeuka akatazama zizini. Kati ya ng'ombe wake mtamba mwenye pembe moja iliyopinda alikuwa ametulia anacheua. Alimfahamu vizuri. Alikuwa wa jirani yake, Gaudiosus.

Asiimwe hakupiga kelele. Alidondosha mfuko, akakimbia kwa Gaudiosus, na muda si muda watu wakajaa uani na tochi na mapanga. Nyika ilikuwa kubwa. Kulikuwa na visima, mabonde, vichaka, na vichuguu ambavyo hakuna aliyejua idadi yake. Wasingeweza kuimaliza kabla ya giza, ilibidi waambiwe pa kuanzia. Upande wa bondeni fisi wa kwanza alilia, na mwingine akamjibu.

"Hata tukimwita hataitika wala kutufuata," Asiimwe alimwambia Gaudiosus. "Akiambiwa akae, anakaa." Kisha akamshika baba yake mabega yote mawili, sauti yake ikawa ya taratibu, ileile anayowasemesha nayo wagonjwa. "Tata. Ulimwambia akae wapi?"

Kwamba alimwambia akae, alikumbuka. Sauti ndogo ikisema sawa, babu, aliikumbuka pia, na hiyo ndiyo iliyokuwa inamuua. Akafumba macho. Bihogo na wanawe. Gaju na wanawe. Baada ya Gaju palikuwa na mtu, na huyo mtu alikuwa mahali. Watu walimsubiri na tochi zao. Alifungua mdomo amwambie binti yake.

"Kumi na tisa," alisema.