Kidonda cha Nje ya Geti

Kila Jumatatu, kabla jua halijawa kali, Rosina alimfunga binti yake Justa kanga kichwani, akamvika kofia pana juu yake, wakatembea kutoka Izia mpaka hospitalini. Justa alizaliwa na ualbino na alikulia kwenye matuta ya maharage kama watoto wote wa nyumba ile. Jua la Ufipa linadanganya: unaungua huku unatetemeka kwa baridi. Shavuni alikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja cha mtoto, na kilinuka. Mlinzi Oswaldi aliwafungulia geti, Justa akavuka, kidonda kikatoweka.

Hakuna aliyeshangaa, maana sababu ilijulikana. Mwaka uliopita daktari alikata kinyama cha kidonda hicho, kikapelekwa Mbeya kupimwa, majibu yasirudi. Lwitiko, karani anayeingiza wagonjwa kwenye rejista ya taifa, alisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Kompyuta haikubali nafasi tupu. Basi akabonyeza "hakuna saratani", kama alivyozoea ili mwezi ufungwe, akaenda kula. Tangu hapo, ndani ya uzio wa hospitali yoyote nchini, shavu la Justa lilikuwa safi.

"Shikamoo mama," alisema Lwitiko.

"Marahaba. Mwanangu, nibadilishie hilo neno. Bila hivyo hawampi rufaa ya Dar es Salaam, na mwenzio anaisha."

"Ningebadilisha sasa hivi, mama, kweli tena. Mfumo unataka kipimo kipya."

Na kipimo kipya kinataka kidonda. Haya, nenda kakitafute! Daktari Edwin alimulika shavu kwa tochi, akalibonyezabonyeza, akaandika kwamba ngozi ni nzuri. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja alitoka mpaka barabarani na kisu chake, akakata kinyama palepale kando ya wauza ndizi, Justa akiwa ameng'ata kanga. Aliporudi ndani, chupa ilikuwa na kipande cha ngozi isiyo na kosa.

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua," nesi mmoja alimwambia Rosina.

"Nimeficha nini mimi? Nimekileta mpaka getini kwenu!" Rosina alilia mbele ya watu.

Kiangazi akaja mtafiti kutoka makao makuu, Ndimyake, mtu wa heshima zake, anayechunguza saratani ya ngozi kwa kutumia rejista ya taifa. Alikuta mkoa huu wa Rukwa hauna mgonjwa hata mmoja. Alifurahi sana, akampa Lwitiko mkono. Kwa ushauri wake, mafuta ya kukinga jua na kofia vikapelekwa mikoa yenye wagonjwa. Wakati anayasema hayo ukumbini, mabenchi ya nje yalikuwa yamejaa watu wa vijiji vya Ilemba na Kasanga, wote weupe kama Justa, ngozi zao zinang'aa, kwani Lwitiko alikuwa amefunga miezi mingi. Hawakuja kutibiwa tena. Walikuja kukaa tu, maana ndani hapaumi. Walimenya karanga na kutaniana, na jioni Oswaldi alipowatoa, kila mmoja alisimama kidogo getini, akashusha kofia, akavuta pumzi, akavuka.

Ndani hapaumi, ila mtu anaendelea kufa kama kawaida. Justa alikonda mpaka Rosina akawa anambeba mgongoni, mtu mzima yule. Alikufa mchana, kwenye benchi, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, uso mzuri kama siku alipopewa kipaimara. Edwin alimkagua kwa makini na kuandika kwamba sababu ya kifo haikuonekana. Lwitiko aliingiza hivyohivyo, macho mekundu. Mwezi ukafungwa.

Ndugu walileta pikapu, wakampakia Justa, Rosina akaketi kando yake. Oswaldi alivua kofia.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, baba. Usifungue kwanza."

Rosina alikuwa amekuja na kitambaa safi cha pamba. Alikikunja, akakiweka juu ya lile shavu lisilo na doa la mwanawe, akakishikilia kwa kiganja.

"Sasa fungua."

Gari likavuka. Kabla halijashika barabara ya Izia, Rosina alisikia kitambaa kinalowa mkononi mwake.