Nyota za Kumuuguza Bi Dama

Bi Dama alipopigwa na kiharusi, watu wa Bongwe walimjia kama siafu. Ndivyo watu walivyo: mgonjwa siku za mwanzo ni wa wote, siku za mbele ni wa mwenyewe. Sukari ikaletwa, dua zikasomwa, kila mwanamke akaapa kwamba zamu yake ya kuuguza hataikosa. Mwezi haukuisha, ukumbi ukabaki na mkeka mtupu na kuku wa jirani.

Mwanawe wa pekee, Tembo, ni mpishi katika hoteli moja kule Galu, na hata angeshinda nyumbani, mwanamume hamwoshi mamake. Kazi hiyo ni ya wanawake. Aliyebaki akija kila siku ni shoga yake wa tangu usichana, Bi Twaiba, naye mgongo wake ulikuwa umeshaanza kumkataa. Asubuhi moja, akimbadilisha leso, akaona kidonda chekundu pajani, karibu na nyonga. Nesi wa zahanati alikitazama akasema, "Huyu asipogeuzwa mara kwa mara, kitachimba mpaka mfupani, na hapo hatutakuwa na la kufanya."

Bi Twaiba alilileta jambo hilo nyumbani, kwenye sinia ya chakula. Mkaza mwanawe, Husna, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, kile kinachopika harusini, kinachokwenda matangani na kuuguza kwa zamu.

"Nimewapigia simu mpaka nimechoka, mama," Husna akasema. "Huyu ana mtoto, yule ana biashara."

Swabir, mwana wa Husna, akacheka. Yeye ana duka la gemu pale Kona ya Musa, televisheni zimepangwa ukutani na vijana wamekodoa macho tangu linapofunguliwa.

"Mimi wangu siwaiti, na kuondoka hawataki. Juzi mmoja mamake alimfuata na mwiko."

"Unawalisha nini?" akauliza Bi Twaiba.

"Siwalishi kitu, bibi. Ukicheza vizuri unapata nyota. Nyota zikiwa nyingi unapanda ngazi, jina lako linakaa juu na wenzako wanaliona. Ukija kila siku unawekewa alama ya moto kando ya jina. Ukikosa siku moja, moto unazimika, waanza upya. Mtu yuko radhi alale na njaa, lakini moto wake usizimike."

"Mambo ya kitoto."

"Watoto ni sisi sote. Tumfanyieni Bi Dama gemu yake muone."

Bi Twaiba alisonya, lakini kile kidonda kikamjia machoni, akanyamaza. Husna akachukua ukimya huo kuwa ndiyo ruhusa.

Basi ikawekwa kwenye grupu la simu la kikundi. Kumlisha mgonjwa, nyota. Kumgeuza, nyota zaidi. Kumwosha ndiyo kubwa kuliko zote. Na ili mtu asidanganye, sharti atume picha.

Watu wakaja. Lazima isemwe kweli, walikuja. Ukumbi ulijaa viatu, uji haukupoa jikoni, na kidonda kikaanza kukauka pembeni. Husna alipouliza, "Waonaje, mama?" Bi Twaiba alijibu alhamdulillahi, na alimaanisha.

Ila kulikuwa na jambo lisilompendeza. Mtu alipoingia, salamu yake ya kwanza ilikuwa kwa simu. Bi Dama alilishwa akiwa ameshiba, kijiko kikigonga meno aliyoyafunga. Aliyekuwa amelala kwa raha aligeuzwa, dakika chache baadaye akaja mwingine akamgeuza kule alikotoka. Wakitoka nje hawakuulizana mgonjwa ameamkaje. Waliulizana nani yuko juu.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, Bi Twaiba alikuta maneno chumbani kabla hajavua viatu.

"Umeshamgeuza, sasa wataka na kumwosha? Dada, shiba." Huyo alikuwa Kanze, fundi wa nguo.

"Moto wangu utazimika leo. Wewe wako una nini, hata jana hukuja." Huyu alikuwa mke wa Abubakar, na jina lake ndilo lililokuwa juu.

"Lakini ameshaoshwa. Hana uchafu."

Bi Twaiba akafika mlangoni. Mke wa Abubakar alikuwa amempa kisogo. Akachukua kikombe cha uji kilichokuwa juu ya kigoda, akakiinamisha polepole juu ya kifua cha mgonjwa, mpaka uji ukaingia shingoni na kulowesha mto.

"Haya, sasa anao," akasema. Akaiegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, akaitengeneza ione vizuri, kisha akaivuta leso yote.

Bi Dama alikuwa uchi mbele ya kile kioo cha simu. Upande wake mmoja haukuweza kufanya lolote. Kwa ule mwingine aliupeleka uso ukutani.

 Bi Twaiba amezika watoto, ameosha maiti za kila aina, hajapata kuona kinyaa kama alichokiona siku ile, na uchafu wenyewe haukuwa mwilini mwa mgonjwa. Akaingia, akaifudikiza simu, akamfunika mwenziwe kwa mtandio aliouvua kichwani.

"Mke wa Abubakar. Mamako naye ulimmwagia uji?"

"Umeniponyoka, Bi Twaiba. Wallahi bahati mbaya."

"Nimekuona."

Kanze akaangua kicheko.

"Nawe wacheka nini? Ulisimama hapo hapo ukitazama."

"Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu," Kanze akasema, na alilisema bila haya, kama mtu aliye kwenye foleni ya maji.

Walipotoka, Bi Twaiba alimpangusa shoga yake. Akamuuliza, kwani hakuna aliyewahi kumuuliza, "Wataka waendelee kuja?"

Maneno ya Bi Dama siku hizi hutoka mazito, moja moja. "Wasije."

"Na kidonda?"

"Kidonda changu. Na uchi wangu, wangu."

Jioni Bi Twaiba alimwambia Husna amfungulie hilo grupu. Akaona picha moja baada ya nyingine: mapaja ya Bi Dama, mgongo wa Bi Dama, mdomo wa Bi Dama ukichuruzika, na chini yake mioyo na mashallah, hongera dada, umetupita. Akaisukuma sahani yake ya wali mbali.

"Zifute."

"Nitafuta, mama, lakini zishatoka. Watu wamerushiana. Tembo ameonyeshwa na wenzake kazini."

Bi Twaiba akafumba macho. Mwana kuonyeshwa utupu wa mamake jikoni kwa watu, katikati ya masufuria.

"Basi gemu imekwisha," akasema.

"Bibi, bila nyota hawaji," Swabir akasema. "Umeona mwenyewe. Na kwani mimi nimezua? Ukimzuru mgonjwa, Mungu hakuandikii thawabu? Si hesabu hiyo?"

 Neno la mtoto lilikuwa na mwiba, na Bi Twaiba aliuhisi.

"Anaandika," akasema. "Wewe umeshaonyeshwa zako zimefika ngapi?"

"Hapana."

"Za jirani yako je?"

"Hapana."

"Basi. Huna wa kumpita. Una mgonjwa tu mbele yako."

"Na kidonda kikirudi?"



Na kweli hawakuja. Mke wa Abubakar akasusa, akisema amevunjiwa heshima. Kanze alipita njiani akiulizia hali kwa mbali. Kidonda kikalowa tena. Bi Twaiba alikuwa akipanda kitandani kwa goti, akivuta, akipumzika, akivuta tena, na kilichomchukiza zaidi ni kwamba akivuta hivyo alijikuta akihesabu moyoni nani na nani hawakuja, nani alimzidi nani kwa ubaya. Gemu ilikuwa imemwingia na yeye.

Alikuwa katika hali hiyo, Bi Dama amegeuka nusu na mkono umebanwa chini yake, alipomwona Husna mlangoni, nguo zimemlowa kwa kufua.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kusaidia, mama." Husna akaangalia chini. "Lakini kumgeuza sijui. Mimi nilikuwa nikigawa nyota tu."

Bi Twaiba alikuwa na maneno makali, na pumzi ya kuyasema hakuwa nayo. "Pita huku upande wa ukutani."

Husna akapita. Akanyoosha mikono, akairudisha. "Nishike wapi?"

"Waniuliza mimi? Mwenyewe huyo hapo."

Husna akainama mpaka uso wake ukalingana na ule uliokuwa juu ya mto.

"Shikamoo, Bi Dama," akasema. "Nikushike wapi?"