Tone la Rangi ya Kucha

Gari la mdogo wangu lilikuwa la kijani, la viti viwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa. Injini yake ina silinda nne na kabureta mbili: ya mbele hulisha silinda ya kwanza na ya pili, ya nyuma hulisha zilizobaki. Nayajua hayo kwa sababu niliifunga kwa mikono yangu miaka kumi na moja iliyopita, nilipokuwa bado nafundisha ufundi wa magari chuoni.

Wiki moja baada ya kulichukua alilirudisha, akisema linamisi, yaani injini inakosa moto na kukohoa, kila linaposimama kwenye taa. Sikufungua hata boneti. Nilimwambia mbele ya wanafunzi wangu kwamba amechokonoa skrubu za kabureta, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa mchokonozi. Redio ya baba aliimaliza, saa ya mezani aliimaliza, na jina la Kidole nilimbandika mimi. Wanafunzi walicheka. Yeye alisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, "Kaka, sijaigusa." Nikamuuliza tangu lini kidole kikakiri. Akaondoka na gari lake likikohoa. Tangu siku hiyo tulikutana misibani tu, na tulisalimiana kwa kichwa.

Alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa nne binti yake alinipigia simu. Alikuwa amepata kazi mji mwingine na alitaka kwenda huko na gari hilo. Likishindikana, angeliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kisha akaongeza kwamba kuna jambo moja angependa kulijua kabla hajahama: baba yake aliigusa ile kabureta au hakuigusa? Nilimwambia injini haina siri.

Nilifika asubuhi na sanduku langu la spana.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Gareji ilikuwa safi. Kila kopo lilikuwa na kibandiko, kila bisibisi ilining'inia mahali pake ukutani. Nilitarajia fujo. Nilimuuliza ni fundi gani aliyelishughulikia gari miaka yote hiyo, akasema hakuna. Oili na plagi baba yake alibadilisha mwenyewe, lakini kabureta hakumruhusu mtu yeyote. Majirani walishalizoea, walikuwa wanaliita Mgonjwa wa Kifua.

Tuliliwasha, likapata moto. Bila kukanyaga mafuta, injini ilitikisika mpaka makopo rafuni yakalia. Nilichomoa nyaya za plagi mmoja mmoja. Nilipochomoa wa tatu na wa nne, injini iliyumba, kama inavyotakiwa. Nilipochomoa wa kwanza na wa pili, hakuna kilichobadilika: silinda hizo mbili hazikuwa zikifanya kazi. Nikazima, nikafungua plagi. Za nyuma zilikuwa na rangi ya kahawia. Za mbele zilikuwa nyeupe kama chaki, maana yake hewa nyingi, petroli kidogo. Ama mtu alikuwa ameikaza skrubu ya petroli, ama hewa ilikuwa inaingia pasipostahili.

Nilianza na skrubu. Sitaficha kwamba nilitarajia kumkuta Kidole pale.

Nilikuwa na desturi. Nikimaliza kurekebisha kabureta, nilidondosha tone la rangi ya kucha, nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye chuma kilichoizunguka. Skrubu ikizungushwa hata kidogo, tone hupasuka. Niliwafundisha hivyo mamia ya wanafunzi, ili mteja asije akawasingizia. Nilifuta vumbi kwa kitambaa, nikamulika tochi. Tone la mbele lilikuwa jekundu na zima. La nyuma pia.

Kutazama huko, pamoja na kufungua boneti, kulichukua dakika mbili.

Nililiwasha tena. Nikaweka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni na kupitisha nyingine kwenye maungio ya kabureta ya mbele. Chini kabisa nikasikia hewa ikivutwa. Nilipopaka grisi hapo, injini ilitulia kwa sekunde kadhaa, kisha grisi ikamezwa na kikohozi kikarudi.

Nilizima, nikaifungua kabureta. Gasketi inayoziba maungio hayo ilikuwa imemeguka ukingoni, kipande cha ukubwa wa ukucha. Haikuwa karatasi ya gasketi. Ilikuwa kadibodi ya boksi la viatu, na juu yake neno MBELE kwa penseli, kwa mwandiko wangu. Nikakumbuka kwamba siku ile karatasi ilikuwa imeniishia, na duka lilikuwa limefungwa.

Binti alisogea, akauliza ni nini. Ningeweza kusema gasketi imezeeka, na usingekuwa uongo.

"Hii niliikata mimi," nikasema. "Ni kadibodi. Baba yako hakuigusa."

Hakushangaa. "Yeye alijua. Alisema tone halijapasuka."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Alikwambia, Baba Mkubwa."

Alinisogezea ndoo iliyopinduliwa, nikakaa. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba kila fundi aliyejitolea kulitengeneza gari, baba yake alimjibu hivyo hivyo: kabureta itafunguliwa na aliyeifunga. Kazi ya saa moja, yeye aliivumilia miaka kumi na moja, akikohoa nalo kwenye kila taa ya barabarani.

Nilikata gasketi mpya, safari hii kwa karatasi yenyewe, nikaifunga. Skrubu sikuzigusa; hazikuhitaji. Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza na kutulia, na makopo rafuni hayakulia.

Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza mgonjwa amepona lini. Binti akamjibu kwamba amepona leo. Mimi nilikuwa nimeinama, nazirudisha spana sandukuni kwa kufuata namba zake.