Tiketi ya Watu Watano

Watu watano wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali walicheza bahati nasibu pamoja kila Ijumaa. Mpiga pasi, waliyemwita Mama Pasi, alikuwa mmoja wao, ingawa hakuamini hata chembe kwamba wangeshinda. Aliingia kwa woga. Mwaka juzi wapishi wa jikoni walishinda, wote isipokuwa mwosha vyombo mmoja, ambaye wiki ile alisema amechoka kutupa hela. Wenzake waliacha kazi siku moja, wakaondoka kwa vigelegele. Yeye mpaka leo anasugua masufuria, na watu wanamwonyesha kwa kidole. Mama Pasi alimkuta siku hiyo anakula peke yake kwenye meza ya watu kumi, akaapa moyoni: kukosa pamoja na wenzangu, sawa, kukosa peke yangu, sikubali.

Aliyenunua na kutunza tiketi alikuwa mkunja mashuka, mtu mpole aliyeitwa Shemeji na wote kwa kuwa alimwoa binamu wa fundi wa mashine.

Jumatatu moja Shemeji hakutokea. Simu yake haikupatikana. Saa nne dereva wa gari la nguo, naye mmoja wa wale watano, akaingia na habari motomoto: tiketi iliyoshinda ilinunuliwa palepale, kwenye kibanda cha mbele ya geti.

Watu wakatazamana.

"Labda anaumwa," alisema fundi.

"Aumwe leo? Siku zote hizo asiumwe, aumwe leo?" Mama Pasi aliisimamisha pasi. "Ijumaa nilimwona anaangalia saa. Mara tatu!"

Kusema kweli, Ijumaa kila mtu huangalia saa. Lakini neno lilishamtoka, na wenzake nao wakaanza kukumbuka ya kwao. Mfuaji, wa tano wao, alikumbuka viatu vipya vya Shemeji. Dereva alikumbuka kwamba Shemeji aliwahi kumuulizia nauli ya mbali.

Mchana Mama Pasi na fundi wakaenda nyumbani kwake. Mlangoni palikuwa na masanduku mawili makubwa. Mama Pasi akamfinya fundi mkono.

"Mdogo wangu, safari ya wapi hii?" alimuuliza mke wa Shemeji.

"Safari? Mama yangu ndiye kafika sasa hivi. Karibuni ndani, dada."

Shemeji akatoka chumbani, kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini, shavu limevimba kama ameficha yai. Jino. Na umeme ulikatika tangu jana, simu ikazimika. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaenda kwenye droo, akatoa tiketi na kumwekea Mama Pasi mkononi. Hazikulingana na zilizoshinda hata namba mbili.

"Tulikuja kukujulia hali tu, shemeji," alisema Mama Pasi.

"Mlijuaje kama naumwa?"

Fundi alitazama chini. Mama Pasi akairudisha tiketi drooni.

Baada ya siku chache ikajulikana kuwa mshindi alikuwa muuza viatu wa mtaa wa pili. Shemeji akajitoa kwenye kikundi, na kikundi kikavunjika. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mmoja alisema ameacha kucheza, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Mfuaji akichelewa nusu saa, pasi ya Mama Pasi inaunguza foronya. Siku alipomwona dereva kibandani, eti ananunua kiberiti ilhali havuti sigara, chakula hakikumshuka.

"Turudi pamoja," alisema fundi wiki ya tatu. "Mimi sitaki utajiri. Nataka kulala."

Wakamsihi Shemeji. Akakubali kwa sharti moja, akiendelea kukunja shuka: "Tiketi atashika Mama Pasi."

Mama Pasi alitaka kukataa, lakini akaona angezidi kujichongea.

Ijumaa hiyo alivuka barabara, akanunua tiketi ya kikundi. Muuzaji akamchekea.

"Na yako binafsi, mama? Leo zawadi ni nono."

Mkono wake ulishaingia kwenye pochi. Je, ikishinda hiyo ya pembeni, nani angemwamini? Yeye mwenyewe angemwamini nani? Aligeuka. Kwenye dirisha la chumba cha kufulia vichwa vinne vilikuwa vimejipanga, na cha Shemeji kilikuwa katikati.

"Moja tu!" alisema Mama Pasi, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo.