Saini ya Twahiru

Kwa miezi kumi na moja niliwasumbua wakubwa wa afya hapa Goma kwa ajili ya karatasi moja tu. Ni ile ambayo mume lazima aitie saini kabla mkewe hajapasuliwa azae. Katika zahanati yetu ya Mabanga, bila saini hiyo chumba cha upasuaji hakifunguliwi. Na waume zetu ni madereva, wako Butembo, wako Walikale, mahali ambapo simu haishiki. Niliandika barua saba. Nilirudishwa mlangoni hadi mlinzi akaanza kuniita kwa jina, Kasoki, kama ndugu yake.

Mwishowe walichoka, wakaniita kikaoni. Nilikwenda na jirani yangu Twahiru, dereva wa lori, ambaye mkewe Jamila alifia katika zahanati yetu miaka miwili iliyopita. Nilitaka wamwone mgane kwa macho yao. Nyuma yetu alikaa Généreuse, mimba ya miezi tisa, mumewe ameondoka Jumatatu kwenda Walikale. Daktari alikwisha kumwambia kwamba atapasuliwa.

Mwenyekiti, Dokta Zihindula, alifungua rejista ya zahanati.

"Mama Kasoki, nimesoma yote. Hakuna muke hata mumoja mwenye alikufa juu ya sinyatire, hii saini ya bwana. Huyu Jamila, wameandika 'alifika amechelewa.' Kama hakuna kesi, tubadilishe sheria juu ya nini?"

Mwandiko ule ulikuwa wangu. Mimi ndiye ninayepokea wagonjwa, kuandika rejista na kushika funguo za chumba cha upasuaji. Nilijua kitabu kile kipo, ila nilijidanganya kwamba barua saba zitatosha na hakuna atakayekifungua. Mjinga mimi! Twahiru alikuwa ameinama, anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kosa lake, kwa kuwa siku ile simu yake haikupatikana.

Nilimtazama Généreuse. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nilisimama.

"Dokta, niliandika ni miye. Na ni uongo."

"Uongo namna gani?"

"Jamila alifika saa ine ya asubuhi, kwa miguu yake. Dokta wa kupasua alikuwa pale. Miye nilikatala kufungua chumba, juu Papa Twahiru hakukuwa wa kusaini. Tulipiga simu mpaka saa munane. Saa munane na nusu Jamila alikufa. Nikaogopa, nikaandika kama alichelewa."

Zihindula alinitaka nirudie polepole, karani akaandika, kisha akanisogezea karatasi niitie saini. Nilisaini.

Walijadiliana kwa saa nzima. Wakakata shauri: kuanzia siku hiyo, katika zahanati zote za eneo letu, saini ya mwanamke mwenyewe inatosha, na akishindwa kusema, daktari ataamua. Généreuse alipiga kigelegele humo humo ndani. Nami nikaambiwa niache funguo mezani, nisirudi kazini.

Nilimkuta Twahiru nje, ameegemea ukuta wa mawe meusi. Tangu msiba ule hatembei bila simu mbili, kila moja na mtandao wake, na akilala huziweka kifuani. Mtaa mzima unalijua hilo. Tulikuwa tukimtania.

"Mama Kasoki," alisema bila kunitazama, "weye ulikuwa unanijua. Kama simu ingeshika ile siku, ningesema nini?"

"Ungesema bamupasue."

"Ulijua?"

"Nilijua, Papa."

Alizitoa zile simu mfukoni, akaziangalia moja moja.

"Basi haikukuwa juu ya simu," alisema. "Miaka mbili nazika Jamila kila siku, nasema ni simu yangu."