Marahaba ya Mzee Jilala

“Marahaba, ng'wanawane, mwanangu!” alijibu Mzee Jilala kwa sauti nene, na hapo hapo mashine ya eksirei ikalia.

Paskalia, mpiga picha za eksirei, alifumba macho nyuma ya ukuta wa kinga. Alikuwa amemwambia mzee avute pumzi, aishike, asitikisike. Lakini muuguzi mmoja alipita dirishani akamwamkia, na mzee wa Kisukuma haamkiwi akanyamaza. Heshima si utumwa, ni kweli, ila asubuhi ile ilikula filamu: kifua kilitikisika, picha ikaharibika. Ilibaki moja tu. Nyingine zingefika hapo hospitalini Kahama mwezi ujao.

“Babu, umesema!”

“Kaniamkia. Ningemnyamazia kama mchawi?”

Kikohozi cha wiki tatu ndicho kilichomtoa mzee kwao Runzewe. Daktari alitaka picha kwanza. Kikiwa kifua kikuu, angelazwa miezi miwili mbali na ng'ombe wake. Kikiwa kichomi, angerudi nyumbani na dawa.

Paskalia alifunga dirisha, akatoka hadi kwenye benchi la wagonjwa.

“Jamani, nawaomba. Mpaka nitoke, asiamkiwe mtu.”

“Hata mzee wangu?” aliuliza Mama Edson, mke wa Jilala, kwa uchungu.

“Huyo hasa, bibi.”

Aliporudi, mzee alikuwa bado amesimama kifua wazi.

“Huo mwanga wenyewe mbona sikuuona?”

“Hauonekani, babu. Ndani ya bomba lile umeme unarusha chembe ndogo mno, zinagonga chuma kwa kasi, ndipo mwanga unatoka. Nyama unapita, mfupa unauzuia.”

“Kumbe humo ndani kuna ugomvi!”

“Upo. Wewe tulia tu.”

Miaka tisa kwenye chumba kile, na bado Paskalia alipenda kuulizwa.

“Vuta pumzi. Shika!”

Nje hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya. Mashine ikalia.

Kwenye chumba cha giza aliisafisha filamu kwa dawa. Akaitundika dirishani ikichuruzika maji. Daktari aliitazama, akaitazama tena.

“Kichomi, hapa chini kulia. Atapona.”

Paskalia alifurahi kama aliyepona yeye. Mzee akasogea, akaelekeza kidole kwenye weusi mpana nyuma ya mbavu.

“Na huku kweusi, ndiko kulikooza?”

“Hapana, babu. Hiyo ni pumzi yako, ile uliyoishika.”

Mzee Jilala aliinamia picha, karibu pua iiguse.

“Mama Edson,” aliita polepole, “njoo uone. Bado imo.”