Jina Lililofutwa Chini ya Ukuta wa Kisesa

Jina la Selina lilipofutika mara ya tatu, niliacha kuulaumu mtandao.

Studio yetu iko Igogo, ghorofani juu ya duka la nyavu. Tunachora kuta, mabango na majina ya mitumbwi. Mwaka huu dada Paskazia, mwenye studio, aliamua tuwe na tovuti yetu ya kuonyesha kazi, iliyojengwa kwa ajili yetu tu. Hakutaka zile za tayari, ambazo ya saluni na ya gereji hufanana. Luhende akaijenga, mimi nikaandika maneno. Chini ya picha ya ukuta wa Kisesa, wenye ng'ombe wakinywa maji, niliandika: Mchoraji ni Selina.

Kila nikirudi nakuta: Kazi ya Studio.

Jumatatu mwenye hoteli moja ya Ilemela, bwana Revocatus, angekuja kuitazama tovuti hiyo. Alikuwa ameuona ukuta ule akipita barabarani na alimtaka aliyeuchora, ampambie hoteli nzima. Kazi ya miezi minane. Hakujua ni nani.

"Odeta, wewe niwekee jina tu," Selina aliniambia. "Miaka sita nachora, hakuna anayenijua."

Nilimshuku Luhende. Nani mwingine? Nikisogea, anageuza kompyuta.

"Luhende, nani anagusa maandishi yangu?"

"Labda umesahau kuhifadhi, mama mwandishi."

"Mara tatu?"

"Wewe na maneno yako! Hata picha ikinyamaza unailazimisha iongee."

Alicheka, lakini macho yalikuwa kwenye viatu vyake. Ijumaa jioni uvumilivu uliniisha. Mbele ya wote nikamwita mwizi wa majina, nikamuuliza ametumwa na nani. Alifunga begi lake taratibu.

"Jua linazama, Odeta. Naenda kuipokea Sabato. Tutaongea Jumapili."

Jumamosi saa tatu asubuhi, nikiwa nyumbani, nilirudisha jina kwa simu. Saa tano halipo. Nilipiga makofi kwa furaha: nimemkamata! Kisha nikakaa chini. Luhende ni Msabato wa kweli. Jumamosi simu yake huzimwa na kompyuta hufungiwa kabatini. Mama yake akitaka kumpata siku hiyo, humfuata kanisani. Na neno la siri la tovuti tulikuwa nalo watu watatu tu. Mmoja yuko kwaya. Mwingine ni mimi.

Nilikwenda Igogo. Mlango ulikuwa wazi, dada Paskazia peke yake, ng'ombe wa Kisesa wamejaa kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Jumamosi yote hii umefuata nini?"

"Jina la Selina."

Hakukana. Alivua miwani, akaifuta kwa upande wa kitenge.

"Wakimjua watampigia yeye. Atakwenda, mimi nitabaki na makopo ya rangi."

"Kwa hiyo umfiche?"

"Nani alimfundisha kushika brashi? Wewe? Kaandike, mdogo wangu. Na hili lisitoke humu."

Sikumwahidi kitu.

Jumatatu bwana Revocatus alikuja, akaketi, akafungua picha moja baada ya nyingine. Alipofika Kisesa akaishia hapo.

"Huu nani kauchora?"

"Studio," alisema dada Paskazia.

"Studio haina mikono, mama. Nauliza mtu."

"Selina," nikasema. "Yule pale dirishani, mwenye rangi ya bluu kwenye kiwiko."

Aliinuka, akamfuata, akampa mkono. Waliongea muda mrefu wakiwa wamesimama. Kabla ya mgeni kuondoka, Selina alikwisha kumwandikia namba yake ya simu.

Gari lilipoondoka, dada Paskazia alifunga mlango.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni. Niombe radhi."

"Na mimi," Luhende akadakia. "Umeniita mwizi mbele ya watu, na sikugusa hata herufi."

"Ulijua ni dada?"

Akakuna shingo. "Niliona kwenye kumbukumbu za tovuti, zinaonyesha kompyuta iliyobadili. Niliambiwa ninyamaze."

"Tangu lini?"

"Mara ya kwanza."

Selina alikuwa akiosha brashi zake, mgongo kwetu, maji yakimwagika nje ya ndoo. Wale wawili walinitazama, wakisubiri.

"Siombi radhi," nikasema. "Si kwako, dada. Wala kwako, Luhende."